Likizo fupi Kigoma: mzazi ahesabu siku kabla ya kuhesabu nauli

MFANYABIASHARA anayefunga duka kwa siku tatu ili awapeleke watoto kutembea Kigoma amefanya uwekezaji, atake asitake kuuita hivyo. Ametoa mtaji, ameacha mauzo, na anatarajia faida: watoto walione ziwa, wajue historia ya nchi yao, wapumzike na masomo, kisha Jumatatu warudi darasani wakiwa wazima. Ajabu ni kwamba wazazi wengi wa aina hii, ambao hawawezi kununua gunia moja la dagaa bila kuzamisha mkono hadi chini kuona kama juu na ndani ni mali ile ile, hununua safari nzima ya familia kwa kusikia tu.

Kalenda ya shule nchini hutoa likizo fupi mbili katikati ya mihula. Moja huangukia kati ya mwisho wa Machi na Aprili, nyingine kati ya mwisho wa Agosti na Septemba. Siku zake ni chache ukilinganisha na likizo ya Juni au ile ya Desemba, ambayo kwa mwenye duka ni msimu wa mauzo na si wa kutembea. Kwa hiyo ni katika likizo hizo fupi ndipo mzazi mwenye biashara hupata mwanya wa kutoka na watoto wake.

Hoja yenyewe ni nyepesi. Katika safari fupi ya mjini na watoto wa shule, bidhaa adimu ni siku, wala si fedha. Anayeanza kupanga kwa kuuliza nauli hujikuta amelipia barabara na reli, huku ziwa lenyewe akiliona jioni moja tu. Na kwa upande wa pili, mwenye gesti, boti au mgahawa mjini Kigoma asiyejali siku za mteja wake humpoteza mteja aliye karibu naye kuliko mtalii yeyote wa Ulaya.

HESABU YA SIKU

Kigoma ni mwisho wa reli, na msemo huo si utani tu. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika mjini hapo mwaka 1914, umbali wa zaidi ya kilometa 1,250 kutoka Dar es Salaam. Treni ya kawaida hutumia takriban siku mbili njiani endapo kila kitu kitakwenda sawa. Basi hula mchana mzima na usiku wake. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo huo, imepunguza saa za kipande cha kwanza, lakini kutoka Dodoma kwenda magharibi msafiri bado hutegemea basi au reli ya zamani. Ndege hufika kwa muda wa saa mbili hivi, ila familia ya watu watano ni tiketi tano.

Chukua mfano wa familia inayotoka Dar es Salaam yenye siku saba za likizo. Ikipanda treni ya kawaida, siku mbili zimekwisha kwenda na mbili kurudi. Zinabaki tatu. Toa siku moja ya kufua sare, kununua madaftari na kuwapumzisha watoto kabla ya kufungua shule. Zinabaki mbili. Hapo hakuna treni iliyochelewa wala mtoto aliyeamka na homa. Safari hiyo inaweza kuwa nzuri, kwani kwa mtoto treni yenyewe ni matembezi, lakini mzazi aseme wazi kwamba ananunua safari ya treni. Asijidanganye kwamba ananunua likizo ya Kigoma.

Sasa chukua mwenye duka wa Kasulu, Uvinza au Buhigwe. Yeye hutoka alfajiri na kufika mjini kabla ya chakula cha mchana. Katika siku tatu, zaidi ya mbili ni zake kamili. Hata wa Tabora, ambaye hutumia siku moja njiani kwenda na moja kurudi, akiwa na siku tano anabakiwa na tatu nzima. Kwa watu hawa Kigoma ni mji wa karibu wa kutembea na watoto, na ndio ambao safari hii inawafaa zaidi.

Upande wa fedha, hesabu haikamiliki bila kuingiza mauzo yaliyoachwa. Kwa mfano tu, duka lenye faida ya Sh 50,000 kwa siku likifungwa siku saba limeacha Sh 350,000. Likifungwa siku tatu limeacha Sh 150,000. Tofauti ya Sh 200,000 ni gharama ya safari ambayo haimo katika tiketi yoyote, na ndiyo ambayo wengi hawaiandiki. Anayekimbilia usafiri wa bei ya chini unaokula siku nne za ziada aandike pia gharama ya siku hizo nne, ndipo aamue kipi ni rahisi.

MSIMU NA MWEZI

Kila mfanyabiashara wa mazao anajua kwamba bei bila msimu haina maana. Safari nayo ni hivyo hivyo. Mvua za Kigoma huanza mnamo Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo likizo fupi ya kwanza huangukia kwenye mvua, na ya pili huangukia mwishoni mwa kiangazi. Aprili milima ni ya kijani na vumbi limekufa, lakini mzazi atenge nusu ya kila siku kwa ajili ya mvua, na asipange mambo mawili ya nje kwa siku moja. Septemba njia ni kavu na ratiba haivurugiki ovyo. Anayeweza kuchagua achague Septemba.

Wapo wanaosema afadhali kungoja likizo ndefu ya Juni. Wakumbuke jambo moja. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi kama hiyo mwalo hukosa pilikapilika zake, na mgeni aliyekuja kula migebuka hukuta sahani inayomwambia habari ya soko kuliko mpishi anavyoweza. Mwenye kupanga safari ya Juni au Julai aulize kwanza kama ziwa limefunguliwa.

Jambo la tatu ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazina nguvu penye mbalamwezi. Siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika na kutengeneza nyavu. Siku za giza, ziwa huwaka taa nyingi hata mtoto akadhani kuna mji mwingine ng'ambo ya maji. Kitu hicho hakina kiingilio. Kinahitaji tu mzazi atazame tarehe ya mwezi kabla ya kukata tiketi, kama mnunuzi wa dagaa anavyofanya kila mwezi bila kufundishwa na mtu.

UJIJI KWANZA, GOMBE BAADAYE

Kosa la pili la wazazi ni kuijenga safari yote juu ya sokwe wa Gombe. Hifadhi hiyo inastahili sifa zake. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika hapo Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, na mwaka huo huo akamwona sokwe akitumia kijiti kutoa mchwa kichuguuni, jambo lililowafanya wataalamu wafikirie upya tofauti ya mtu na mnyama. Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968.

Hata hivyo, hifadhi hiyo iko kilometa zipatazo 16 kaskazini mwa mji na haifikiki kwa gari. Ni boti tu. Ina masharti ya umri kwa wanaoingia msituni kuwafuata sokwe, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Mwenye mafua naye hatakiwi, kwani maradhi ya binadamu huwaua sokwe. Tena sokwe hawana ratiba: familia inaweza kupanda mlima asubuhi nzima na kurudi bila kuwaona karibu. Mzazi mwenye watoto wa miaka 7, 10 na 16 akienda Gombe ataligawa kundi lake, mmoja apande na wawili wabaki ufukweni na mama yao, huku siku nzima ya safari ya siku tatu ikiwa imekwisha. Hiyo ni sawa na kuweka mtaji wote kwenye bidhaa moja usiyoweza kuipima.

Mwenye vijana wa sekondari na siku nne au tano, aende Gombe, na kabla ya kulipa boti aulize ofisi ya hifadhi masharti ya umri na viingilio vya mwaka huo. Mwananchi hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo asiogopeshwe na bei za dola anazosikia. Mwenye watoto wa msingi aanze na Ujiji.

Ujiji iko mwendo mfupi wa daladala kutoka katikati ya mji. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone mwaka 1871, na makumbusho yake yamejengwa palepale penye miembe. Mtoto wa darasa la tano ameshasoma habari hiyo, na kusimama mahali penyewe humfundisha kwa nusu saa kitu ambacho daftari halikumfundisha kwa wiki.

Lakini mzazi mfanyabiashara asiishie kwenye mwembe. Ujiji ilikuwa soko kubwa kabla ya wazungu kuifika. Burton na Speke walipoingia Februari 1858 walifuata njia ambayo misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kuizoea, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Bidhaa zilizopita hapo zilikuwa pembe za ndovu, chumvi, nguo, shanga na, jambo lisilofaa kufichwa, watu. Mtoto mkubwa aelezwe hivyo hivyo bila kuzungushwa. Biashara iliwahi kuuza binadamu, na mji aliosimama ndani yake ulikuwa kituo kimojawapo.

Kisha aelezwe jinsi Ujiji ilivyoporomoka. Wajerumani walipoileta reli, hawakuishusha Ujiji. Waliishusha kwenye ghuba ya Kigoma, penye maji ya kina na kinga dhidi ya mawimbi. Kilometa chache tu ziliamua. Baada ya mwaka 1914 mizigo, maghala na ofisi zilihamia upande wa stesheni, na soko la zamani likabaki na miembe yake. Hakuna somo la uwekezaji lililo wazi kuliko hilo, na mtoto analiona kwa macho yake akitoka Ujiji asubuhi na kufika stesheni ya Kigoma mchana wa siku ile ile.

Stesheni yenyewe ni jengo la enzi ya Mjerumani. Bandari iliyo karibu nayo ina hadithi ya meli ya MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika makasha, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea ziwani, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Katika miaka ya karibuni ilisimama kungoja matengenezo makubwa, kwa hiyo mzazi asiwaahidi watoto kuipanda kabla ya kuuliza bandarini. Ila hadithi ya grisi iwafikie. Mwenye kulinda mtambo wake hata siku ya kushindwa, amemwachia mtu mtaji.

SOKO NI DARASA

Asubuhi ya siku ya pili, kabla jua halijawa kali, familia iende mwaloni Kibirizi au Katonga. Hapo mtoto atayaona yale ambayo mzazi wake huyafanya kila siku asiyajue. Mitumbwi inarudi na mzigo wa usiku. Mnada ni wa haraka, sauti ziko juu, na bei ya saa 12 asubuhi si bei ya saa 3.

Mtoto apewe kazi. Mpe Sh 5,000 na umwambie auliza bei ya dagaa wabichi, kisha ya waliokaushwa mchangani, kisha ya waliokaushwa kwenye chanja.

"Shikamoo mama. Kisado hiki bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Unataka wa chanja au wa mchanga?"

Katika swali hilo moja la muuzaji kuna darasa zima. Samaki ni wale wale, wametoka kwenye maji yale yale usiku ule ule. Wa mchanga hutafunwa na kokoto, wa chanja ni safi. Tofauti ya bei ni miti michache, wavu na jasho la mtu aliyeamua kutokausha mali yake chini. Kijana akilielewa hilo akiwa darasa la sita, hatahitaji kuelezwa maana ya kuongeza thamani atakapokuwa mkubwa.

Soko la Mwanga nalo lina somo lake. Kuna mafuta ya mawese, sabuni, vitenge kutoka ng'ambo ya ziwa, chumvi ya Uvinza na muhogo wa vijijini. Mtoto atasikia Kiha, Kiswahili cha Kimanyema na Kifaransa cha mfanyabiashara kutoka Kongo au Burundi kwenye ubao mmoja wa duka. Ziwa hili linaunganisha nchi nne, na soko lake ni ushahidi.

Mchana ni wa watoto. Waachwe wacheze mahali penye mchanga safi na mwangalizi, mbali na mdomo wa mto na mbali na palipo na matete au makazi mengi, kwani huko kichocho na hatari nyingine ni jambo la kweli. Wanywe maji yaliyochemshwa au ya chupa. Walale ndani ya chandarua hata kama hoteli inasema haina mbu. Mtoto mmoja akiugua siku ya kwanza, mtaji wote wa safari umekwenda.

MAJI HAYANA MAZOEA

Hapa ndipo uchumi wa bei rahisi unapogeuka kuwa hasara isiyolipika. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Asubuhi huweza kutulia kama sahani, na alasiri upepo ukavuma na mawimbi yakasimama. Boti ya familia iondoke mapema na irudi mapema. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha yeye, si la baba yake. Boti isipokuwa na majaketi ya watoto, familia ishuke. Boti ikiongeza abiria njiani kupita uwezo wake, familia ishuke pia, hata kama nauli imeshalipwa.

Wanaodhani huo ni woga wakumbuke MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Wakumbuke pia MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, wengi wao wakiwa wametoka sokoni. Katika ajali zote mbili kulikuwa na abiria wengi kupita kiasi. Kila mfanyabiashara wa kanda ya ziwa anamjua mtu aliyempoteza ndugu. Nauli iliyopotea hufidiwa na mauzo ya wiki moja. Mtoto hafidiwi.

NAFASI YA MTAJI MDOGO

Mpaka hapa hesabu ni ya mzazi. Sasa ije ya mwenye mtaji mdogo aliyeko Kigoma. Kwa miaka mingi fikra za biashara ya wageni mjini humo zimemwangalia mtalii wa nje anayepita kwenda Gombe au Mahale. Mtalii huyo ni mteja mzuri, lakini ni wachache wanaoweza kumhudumia, na wenye mtaji mkubwa wamemzunguka. Familia ya Kasulu au Tabora haijazungukwa na mtu.

Familia hiyo inataka nini? Nyumba za wageni nyingi nchini zimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja: mchuuzi anayelala usiku mmoja, au karani aliye kikazi. Chumba kina kitanda kimoja na kiti kimoja. Baba, mama na watoto watatu hulazimika kuchukua vyumba viwili au vitatu vilivyotengana, na mama halali kwa kuwaza watoto. Mwenye gesti anayeweza kutoboa mlango kati ya vyumba viwili na kuongeza vitanda vya ghorofa amepata bidhaa ambayo jirani yake hana, kwa gharama ya fundi na mbao.

Familia inataka chakula kwa saa inayojulikana. Mtoto mwenye njaa hangoji saa moja na nusu mgebuka uchomwe. Mama lishe anayeweza kuhakikisha sahani tano saa 7 mchana, wali, maharage, dagaa au samaki, kwa bei iliyoandikwa ubaoni, atajaza meza zake.

Familia inataka bei moja. Hakuna kinachomchosha mzazi kama kupatana kila hatua: teksi, boti, kiongozi, mlinzi wa ufukwe. Kijana mwenye Hiace nzima na leseni anaweza kuuza siku kamili: mwaloni asubuhi, Ujiji, chakula, ufukweni, kurudi gesti kabla ya giza, kwa kichwa na kwa bei iliyotangazwa. Anachouza ni ile bidhaa adimu iliyotajwa mwanzo, yaani siku isiyopotea. Shule nazo ni mteja wa jumla, kwani darasa moja la watoto 40 ni sawa na familia nyingi kwa simu moja.

Mwisho, familia inataka kuondoka na kitu. Dagaa safi wa chanja, waliofungwa vizuri kwa kilo moja au nusu, ni zawadi inayobebeka hadi Dodoma. Gunia linalotoa harufu ndani ya basi ni mali ya mchuuzi. Mgeni hulikimbia.

WANAOSEMA NI ANASA

Wapo watakaosema kwamba mfanyabiashara mdogo hana haki ya kutembea. Fedha ya safari ingenunua mzigo, mzigo ungezaa, na watoto wangetembea wakikua. Hoja hiyo ina uzito, na kwa mwenye deni la mkopo au mzigo uliokwama ni sahihi kabisa. Akae dukani. Safari ya kukopea si likizo, ni deni lenye picha.

Lakini kwa mwenye uwezo wa kutenga akiba kidogo kidogo tangu Januari, hoja ya kungoja ina kasoro moja. Siku za mtoto wa shule nazo ni bidhaa yenye msimu. Mtoto wa miaka 10 anayetaka kushikwa mkono sokoni na baba yake hupatikana kwa miaka michache tu. Akifika kidato cha nne hataki kushikwa mkono, na akimaliza ameondoka. Hakuna ghala la kuhifadhi miaka hiyo, na hakuna bei itakayoirudisha.

Kwa hiyo mwenye kupanga afuate utaratibu ule ule anaoutumia kuagiza mzigo. Kwanza ahesabu siku za kweli, akitoa za njiani na moja ya kujiandaa na shule. Pili atazame msimu, mvua, mwezi na hali ya uvuvi. Tatu achague kitu kimoja tu kwa kila siku: mwalo, Ujiji, ufukwe, Gombe kama umri na siku vinaruhusu. Nne aandike mauzo atakayoyaacha pamoja na nauli, chakula na malazi, na aongeze akiba ya dharura kwa ajili ya homa au gari kuharibika. Hesabu ikikubali, aende. Isipokubali, afupishe safari kabla hajapunguza usalama.

Na kwa mwenye mtaji mdogo wa Kigoma, historia ya mji wake iko mlangoni. Ujiji ilizidiwa si kwa kukosa bidhaa, bali kwa sababu usafiri ulishuka mahali pengine. Mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwaka 2022, na siku itakapofika, umbali utapimwa upya na familia za mbali zitakuwa na siku ambazo leo hazina. Wakati huo atakayekuwa na chumba cha familia, chakula kwa saa na bei ubaoni hatahitaji kujifunza. Atakuwa amekwisha kufundishwa na wateja wa Kasulu.